Utatuzi wa matatizo ya mkanda wa taimingi: dalili, vyanzo na wakati wa kuubadilisha

Mkanda wa taimingi, ule wa mpira wenye meno unaofanya valvu zifuate pistoni, mara nyingi haufi wenyewe. Huuawa na jirani yake. Beringi iliyokauka, sili inayovuja oili, pampu ya maji yenye mchezo, kava lililorudishwa kwa bolti mbili badala ya sita: hivyo ndivyo huukata kabla ya kilomita zake kufika. Kwa hiyo kila dalili hapa chini inaulizwa swali moja tu: nani anauharibu mkanda huu? Fundi anayefunga mkanda mpya bila kulijibu atakutana na gari lilelile tena, safari hii likivutwa kwa kamba.

Je, injini yako ina mkanda?

Usinunue kipuri kabla ya kujua. Herufi na namba kama 1NZ au 5L hapa chini ni majina ya aina za injini. IST, Vitz, Probox, Premio na Allion zenye injini ya 1NZ au 1ZZ zina cheni. Hiace za petroli zenye 1TR na 2TR zina cheni pia, kama zilivyo Hilux na Prado mpya za 2GD na 1GD. Canter zenye 4D33 zinazobeba mbao kutoka Mafinga zinatumia gia. Cheni haipangiwi kilomita za kubadilishwa. Ikigonga kwa sekunde chache asubuhi ya baridi, anza kwa kupima kiasi cha oili na kujua ilibadilishwa lini.

Zenye mkanda bado ni nyingi barabarani: Corolla na Carina za 4A, 5A na 7A, RAV4 na Noah za zamani zenye 3S, Hiace na Hilux za dizeli zenye 2L, 3L na 5L, Prado na Surf za 1KZ, Land Cruiser za 1HZ, Hilux na Prado za 2KD na 1KD, Subaru Forester na Impreza zenye EJ. Pajero ya 4D56 ina mikanda miwili: mkubwa wa taimingi na mdogo wa shafti za kupunguza mtetemo. Ule mdogo ukikatika, vipande vyake vinaweza kuingia kwenye mkubwa na kuumaliza, kwa hiyo hubadilishwa pamoja.

Baada ya kujua una mkanda, jua ukikatika kutatokea nini. Katika 4A-FE, 5A-FE, 7A-FE na 3S-FE, valvu na pistoni hazikutani. Gari litazima, litavutwa, litafungwa mkanda mpya na kuendelea na safari. Katika dizeli zote zilizotajwa hapo juu, katika Subaru nyingi za EJ na katika 3S-FSE ile ya D-4 (petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda), pistoni huzigonga valvu zilizobaki wazi na kuzipinda. Hapo silinda hedi (kichwa cha injini chenye valvu) lazima ishuke. Ule ushauri wa kijiweni wa "subiri ukatike kwanza" hauna hasara kubwa kwa mwenye Corolla ya 5A, lakini unaweza kumfilisi mwenye Hilux ya 5L.

Gari limetoka Japani, historia haijulikani

Toyota nyingi zimepangiwa kilomita 100,000. Baadhi ya dizeli, kama 1HZ na 1KD, hupewa 100,000 au 150,000 kutegemea soko ambalo gari lilitengenezewa. Mpira huzeeka hata gari likilala, kwa hiyo miaka 7 hadi 10 ndiyo mwisho wake hata kama kilomita hazijafika.

Kwa gari linalofanya kazi barabara za vumbi za Makete, Ludewa au mashamba ya chai ya Mufindi, tunashauri kilomita 80,000, na sababu yake si vumbi peke yake. Hilux inayopanda kona za Hamsini na Saba kutoka Chimala kwenda Matamba kwa gia ya kwanza huzungusha injini mara nne hadi tano zaidi kwa kila kilomita kuliko ikiwa gia ya tano kwenye lami ya Makambako. Mita ya kilomita hailioni hilo. Mkanda unaliona.

Kabla ya kuamua, fungua boneti utafute stika ya Kijapani kwenye kava la taimingi, juu ya rejeta au karibu na mnara wa shokabzoba. Gereji za Japani hubandika stika baada ya kubadilisha mkanda na kuandika kilomita na tarehe. Mwaka huo unaweza kuwa wa kifalme: namba ya Heisei jumlisha 1988, namba ya Reiwa jumlisha 2018. Heisei 20 ni 2008, Reiwa 2 ni 2020. Linganisha kilomita za stika na za dashibodi. Stika ikisema 98,000 na dashibodi ikisema 76,000, mita imerudishwa nyuma, na hakuna namba ya gari hilo ya kuamini. Usipoona stika wala risiti, hesabu kwamba mkanda haujawahi kuguswa na uubadilishe sasa.

Taa ya T-BELT imewaka

Taa hii kwenye Toyota za dizeli ni kihesabu tu. Haigusi mkanda wala haijui una nyufa. Huwaka kilomita zilizopangwa zikifika, hata kama mkanda ulibadilishwa juzi na taa haikurudishwa sifuri. Vilevile inaweza kuwa imezimwa na mtu ambaye hakubadilisha chochote, kwa hiyo kutowaka kwake si ushahidi wa uzima. Ikiwaka, panga kazi ndani ya wiki, na siku hiyo usianze safari ya Dar es Salaam kwa matumaini.

Stata inazungusha kwa wepesi lakini injini haiwaki

Sauti yake hujulikana: stata huzunguka kwa kasi isiyo ya kawaida, kwa mlio mmoja laini, bila ule mdundo wa mgandamizo. Valvu zimeacha kufuata pistoni. Acha stata mara moja. Kila jaribio jipya kwenye dizeli ni nafasi nyingine ya pistoni kugonga valvu.

Kuhakikisha huchukua dakika moja. Fungua kifuniko cha kujazia oili. Kwenye injini nyingi utaona sehemu ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) ndani yake. Mwenzako azungushe kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) pole pole kwa mkono, kwa soketi kwenye bolti yake. Kamshafti isiposogea, mkanda umekatika au umenyolewa meno. Kwenye 5A au 3S yenye distributa (kigawa umeme wa plagi), fungua kifuniko cha distributa uangalie rota. Kranki inazunguka na rota imetulia? Jibu ni lilelile.

Kamshafti ikizunguka vizuri, tatizo liko kwingine: mafuta, umeme wa plagi, au plagi za joto kwenye dizeli. Asubuhi za Juni na Julai Njombe na Makete, dizeli nyingi hukataa kuwaka kwa sababu ya plagi za joto zilizokufa, na mkanda husingiziwa bure.

Inawaka, lakini haina nguvu, inatetemeka au inatoa moshi

Hapa mkanda unaweza kuwa umeruka jino. Jino moja hufanya gari la petroli kumisi likinguruma bila kukanyagwa na kuchoka kwenye mlima. Meno mawili humaanisha kuwaka kwa shida sana au kutowaka kabisa. Kwenye 5L na ndugu zake, mkanda huohuo huzungusha pampu ya dizeli, kwa hiyo muda wa kupuliza mafuta nao umehama: ukichelewa utaona moshi mweupe na nguvu kupungua, ukiwahi utasikia mlio mkali wa kugonga. Kwenye injini yenye sensa za kamshafti na kranki, kodi ya hitilafu P0016 kwenye mashine ya kupimia inasema sensa hizo mbili hazikubaliani.

Pima hivi. Ondoa kava la juu, weka soketi kwenye bolti ya kranki na uzungushe kwa mkono kufuata mshale wa saa, ukiwa umesimama mbele ya puli, mpaka alama ya kranki ifike sifuri. Kisha tazama alama ya kamshafti. Ikiwa imepinduka upande wa pili kabisa, zungusha kranki mara moja zaidi. Ikikosea kwa upana wa jino, umepata. Usirudishe kranki nyuma hata ukipitiliza. Zungusha raundi mbili mbele ufike tena.

Alama zikilingana na dalili zimebaki, fikiria kii ya kranki, kile kipande cha chuma kinachoishika puli isicheze kwenye shafti. Bolti ya puli isipokazwa vya kutosha, puli hucheza, kii hulika pole pole na taimingi huhama huku alama ya puli ikiendelea kudanganya. Fundi akishika puli ya kranki na kuihisi ikicheza, mkanda mpya hautasaidia kitu.

Sasa, jino limerukaje? Mkanda mlegevu na tenshena (kikazio cha mkanda) iliyochoka ndivyo vyanzo vya kwanza. Lakini huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kwenye miteremko, kuna viwili vingine. Kimoja ni kusukuma gari lenye betri dhaifu na kuachia klachi ghafla. Mshtuko wote huishia kwenye meno. Cha pili hakisemwi sana: gari limeegeshwa likitazama mlima, limewekwa gia ya kwanza bila hendibreki, na uzito unalirudisha nyuma kidogo. Injini huzungushwa kinyume, upande uliokuwa umekazwa unalegea na upande wa tenshena unavutwa. Tenshena ya haidroliki (inayosukumwa na oili iliyo ndani yake) iliyochoka haiwezi kuvumilia hilo. Tukuyu na Makete, hendibreki na jiwe chini ya tairi kwanza, gia baadaye.

Kelele upande wa mbele

Ondoa feni belti zote, washa injini kwa sekunde zisizozidi 30, usikilize. Kelele ikipotea, ilikuwa ya alteneta, pampu ya usukani au puli ya nje. Ikibaki, chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye bolti karibu na kava la taimingi na mpini sikioni. Mlio wa kusaga kama mchanga ni beringi ya aidla (puli inayouongoza mkanda) au tenshena. Mluzi unaopanda na mwendo wa injini, hasa baada ya kazi mpya, ni mkanda uliokazwa kupita kiasi. Kupigapiga kwenye plastiki ni mkanda mlegevu unaogusa kava.

Beringi inayosaga haisubiri mwisho wa mwezi. Ikikamata, mkanda husuguliwa mgongoni hadi uungue, na hilo huchukua dakika chache tu.

Oili, dizeli au maji yanatokea nyuma ya kava

Oili huvunja mpira. Mkanda ulioloa huvimba, hulainika, na meno hunyofoka kwa urahisi. Kujua inatoka wapi, safisha mbele ya injini, kausha, paka poda ya mtoto, washa dakika 10 kisha tafuta njia ya unyevu. Ikianzia juu ya kava na kutiririka, ni gasketi ya kava la valvu. Ikitokea katikati ya puli ya juu, ni sili ya kamshafti. Chini kabisa, ni sili ya kranki. Kwenye 3S pampu ya oili nayo huzungushwa na mkanda, na sili yake huvuja mara nyingi kiasi kwamba kuiacha ni kosa. Kwenye 5L, harufu ya dizeli humaanisha sili ya mbele ya pampu ya dizeli.

Kuna chanzo kingine ambacho wenye magari hujiletea: kuoshewa injini kwa dizeli. Inang'aa siku mbili, na dizeli iliyopenya nyuma ya kava inabaki ikila mpira. Waambie waoshe kwa maji na sabuni, wasielekeze presha kwenye kava.

Maji yakipungua bila kuonekana chini, na ukiona mstari wa rangi ya kulanti (dawa ya kupoza injini) au kutu kwenye kitundu kidogo cha pampu ya maji, sili ya pampu imekufa. Kwenye 3S na Subaru EJ pampu hiyo inazungushwa na mkanda wa taimingi wenyewe, kwa hiyo ikikamata inaondoka na mkanda. Kwenye 5A, 5L na 1HZ inazungushwa na feni belti na inaweza kubadilishwa peke yake. Maji matupu ya bombani hutia kutu na kuua sili mapema. Weka kulanti na maji yaliyokenekwa (distilled) nusu kwa nusu. Mbeya mjini, mita takriban 1,700 juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100, hivyo kifuniko cha rejeta kisichoshika presha huleta kuchemsha mapema, na lawama huangukia pampu isiyo na kosa.

Mkanda wa zamani usitupwe kabla ya kusomwa

Dakika tano anazotumia fundi makini hapa zina faida kuliko popote. Mkanda uliotoka una maelezo yote ya kilichotokea.

Nyufa ndogo mgongoni kote ni uzee na joto. Hakuna wa kulaumiwa. Ukingo mmoja ukiwa umechanika nyuzi, mkanda ulikuwa unakimbilia upande: kuna puli iliyoinama, beringi ya aidla yenye mchezo, au ile sahani ya kuongoza mkanda kwenye kranki imesahaulika au imewekwa kinyume. Upande wake uliobonyea ndio huwa nje. Meno yaliyonyolewa sehemu moja tu yanasema kuna kitu kilikamata ghafla; zungusha kwa mkono kamshafti, pampu ya maji na pampu ya oili mpaka ukipate. Meno yaliyolika mviringo kote ni ulegevu wa muda mrefu. Mgongo unaong'aa kama kioo ni aidla iliyokuwa haizunguki. Vishimo kati ya meno ni kokoto, na ukiviona nenda ukahesabu bolti za kava na uangalie ngao ya chini ya injini kama ipo.

Mkatiko ulionyooka kama wa mkasi, huku meno yakiwa mazima, mara nyingi unatokana na siku ya kufungwa. Mkanda ulikunjwa, nyuzi za ndani zikavunjika bila kuonekana. Usikunje mkanda mpya, usiufunge mpira wa kushikia, usiugeuze ndani nje, na ukikutana na muuzaji aliyeutundika kwenye msumari, tafuta mwingine.

Nini kibadilishwe pamoja

Mkanda, tenshena, aidla zote, sili ya kamshafti na ya kranki. Kwenye 3S ongeza pampu ya maji na sili ya pampu ya oili. Kwenye Subaru EJ ongeza pampu ya maji na usiache aidla ile yenye meno. Kwenye 1HZ, 1KZ, 1KD na 2KD kazi ni nyepesi, kwa sababu mkanda unapita kati ya puli ya kamshafti na puli ya upande wa pampu ya dizeli tu, na kranki inaendesha kwa gia; hakuna sababu ya kuikwepa.

Dukani Mwanjelwa (Mbeya) au Ipogolo (Iringa), nenda na mkanda wa zamani. Hesabu meno, pima upana, linganisha umbo la jino: la mraba na la mviringo hayabadilishani hata idadi ikifanana. Maandishi ya mkanda halisi wa Bando, Mitsuboshi au Gates yamechapwa vizuri na hayafutiki kwa kidole chenye mate. Beringi mpya ikizungushwa kwa mkono inapaswa kwenda taratibu kwa uzito wa grisi. Inayozunguka kama pia ya kuchezea haina grisi ya kutosha.

Kufunga

Leta injini kwenye alama za kiwandani; kwenye Toyota hapo pistoni namba moja huwa juu kabisa. Mafundi wengi hupaka tipeksi kwenye puli na mkanda wa zamani kisha kunakili. Inasaidia kama ukaguzi wa pili, lakini kama mkanda wa zamani uliruka jino, utakuwa umenakili kosa. Kwenye Subaru, mshale wa puli ya kranki si alama ya taimingi. Alama ni mstari mdogo ulio nyuma, ukingoni mwa puli hiyo. Kosa hilo limepinda valvu nyingi.

Kwenye tenshena ya springi, legeza bolti, iache springi ivute yenyewe, zungusha kranki raundi mbili kamili kwa mkono, angalia alama tena, ndipo ukaze. Usisaidie springi kwa nondo. Tenshena ya haidroliki ishike wima kwenye jiriwa, ibonyeze pole pole kwa dakika kadhaa mpaka matundu yakutane, weka pini, funga, na pini itoke mwisho wa kazi. Ukiweza kuibonyeza kwa mkono ikaingia, au ukiona oili kwenye shingo yake, nunua mpya.

Raundi mbili za mkono si za heshima tu. Ukihisi kizuizi kigumu, simama: ni valvu na pistoni zimekutana, na kwa mkono hazijapinda bado. Bolti ya kranki ikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Kuilegeza kwa kugusa stata huku spana imeegemea chasi huvunja mikono. Shika puli kwa kifaa chake.

Kama mkanda ulikatika ukiwa kwenye injini ya kupinda valvu, pima mgandamizo kabla ya kurudisha kila kitu. Kwenye Toyota za petroli tofauti kati ya silinda isizidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Kwenye dizeli kama 5L, isizidi 5. Silinda iliyo mbali na wenzake ina valvu iliyopinda, na hedi itashuka.

Gari limetoka gereji na bado lina shida

Linatetemeka kuliko mwanzo: angalia alama kabla ya kubadilisha plagi au nozeli. Lina mluzi: mkanda umebana, rudia kukaza leo, kwa sababu unachakaza beringi za pampu na aidla. Oili imerudi baada ya wiki: midomo ya sili ilikunjwa wakati wa kugongwa, au shafti ina mkwaruzo mahali sili inapokaa, sili mpya ikisukumwa ndani milimita moja au mbili zaidi hukaa kwenye sehemu safi. Linachemsha: kuna hewa kwenye mfumo wa maji, fungua hita ya ndani, lijaze likiwa kwenye mwinuko pua juu, liache lipate moto mpaka feni iwake, likipoa ongeza.

Baada ya kilomita 1,000 fungua kava la juu utazame kingo za mkanda na unyevu. Kisha andika kwa kalamu isiyofutika juu ya kava: tarehe, kilomita za dashibodi, na majina ya vipuri vyote vilivyobadilishwa, ili fundi wa Tunduma au Makambako asilazimike kukisia.